Karatasi ya Waliohudhuria

Maina alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa kazini hapa Mbale, akasema kwamba Afande Opolot amefariki na atazikwa Jumamosi kijijini kwake, ng'ambo ya Budondo. "Ndugu zake wa Teso walitaka kumrudisha kwao, lakini mzee alikuwa amekataa akiwa bado hai. Alisema azikwe kwenye shamba lake mwenyewe. Utakuja?" Nikajibu kwamba nitaangalia. Hilo ndilo jibu langu kwa karibu kila jambo. Nilipokata simu nilianza kupanga sababu za kutokwenda: kazi ni nyingi, mvua zimeanza, huenda hawanikumbuki. Kisha ikaja ile iliyo mbaya kuliko zote, kwamba huenda wananikumbuka vizuri sana. Miaka sita imepita tangu niondoke Jinja asubuhi bila kuwaaga. Tangu hapo nimepita Jinja mara nyingi nikielekea Kampala, na kila basi linapovuka daraja la Nile mimi huinamia simu yangu kama mtu aliyepokea ujumbe wa haraka.

Nilipofika Jinja nilikuwa na miaka ishirini na minne, na shahada ya jiografia niliyoibeba ndani ya bahasha ya plastiki kila nilikokwenda, nikiogopa isije ikalowa. Maina alikuwa Mkenya aliyeendesha malori kutoka Mombasa hadi Kampala kwa miaka mingi, kisha akayaacha na kuanzisha kampuni ndogo Jinja ya kuwatembeza wageni kwa baiskeli. Siku ya kwanza aliniambia, "Kijana, mimi nimeona baiskeli chini ya trela mara mbili. Sitaki kuona ya tatu. Nitafutie njia ambazo gari halipiti kabisa." Kazi yangu ikawa hiyo. Nilipanda baiskeli kutoka Mpumudde, nilikopanga chumba, nikafuata njia za matrekta katika mashamba ya miwa upande wa Buwenge, barabara za changarawe za vijijini, na vijia vinavyoteremka hadi ukingoni mwa Nile. Niliandika kila kitu daftarini: mahali changarawe ilipokuwa nene kiasi cha kuyumbisha gurudumu, penye kilima, penye kisima, na kila gari lililonipita. Njia iliyopitiwa na magari zaidi ya mawili kwa saa tuliifuta. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kazi ambayo wasiwasi wangu ulikuwa na faida. Sauti ya matairi juu ya changarawe kavu ni kama karanga zinazokaangwa bila mafuta, na ningeweza kuisikiliza kutwa nzima, mto ukionekana na kupotea kati ya migomba, bila kuwaza hata mara moja kwamba nimekosea kitu. Nasema haya kwa sababu nataka ieleweke kwamba nilizipenda njia zile. Halafu najiuliza kama nayasema ili nionekane afadhali.

Afande Opolot ndiye aliyetengeneza baiskeli zetu. Alikuwa askari magereza mstaafu, mtu mrefu wa Teso, aliyeoa Jinja na kununua shamba huko ndani. Jeshini na magerezani ndiko Kiswahili chetu kilikokulia, na wengi bado wanakisikia kama amri. Yeye alikizungumza polepole, kama anayeomba msamaha kwa niaba ya lugha. Mkewe tulimwita Nalongo, kama wanavyoitwa huko mama waliozaa mapacha. Alikuwa amejifunza Kiswahili katika nyumba za askari, na sasa alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, wa kujitolea: aliandika wajawazito, alipima watoto, alijua nani anakohoa. Kufikia mwezi wangu wa tatu kazini nilikuwa nakaa kwao siku nyingi kuliko kwangu. Walinipa chumba cha stoo. Rimu zilining'inia darini, kulikuwa na harufu ya gundi ya kuzibia mipira, na juu ya msumari, koti la zamani la kazi lililopigwa pasi kana kwamba mtu angelivaa kesho. Kati ya chumba changu na jiko palikuwa na ukuta wa matofali usiofika juu, kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nilisikia mazungumzo yao pamoja na mlio wa sufuria.

"Huyu mtoto wa Mbale anaandika sana," alisema Nalongo asubuhi moja. "Jana ameandika mpaka mbuzi yangu."

"Ni kazi yake."

"Mbuzi si gari."

"Anaandika kwa sababu anaogopa kusahau."

"Hapana, Afande. Anaogopa watu. Karatasi haiwezi kumuuliza kitu."

Nilibaki kitandani kwa muda mrefu siku ile, nikifikiria nitatoka na uso gani. Nilipotoka walinipa viazi vitamu na mchuzi wa karanga, kama kawaida, na Nalongo akaniuliza nimelalaje. Nikajibu kwa sentensi mbili zaidi ya zilizohitajika.

Barabara ya kwenda kwao ilikuwa ya changarawe nzuri, na katikati yake kulikuwa na kijito kilichokatiza kwenye mafunjo. Kiangazi ulivuka juu ya mawe. Mvua zikija, maji yalifika magotini, wakati mwingine kiunoni, na gari lolote liliishia hapo. Kwangu ilikuwa ndiyo njia bora kuliko zote nilizowahi kupima. Nimepita humo siku nzima bila kusikia injini hata moja. Daftarini niliandika neno moja tu, "Kamili", na nikalipigia mstari. Nilipomweleza Nalongo kwa nini tuliichagua, aliacha kuchambua maharage, akanitazama.

"Kwa hiyo hao wageni wanapanda ndege, wanakuja mpaka huku, wanatafuta mahali gari haifiki?"

"Ndiyo, Nalongo."

"Na sisi tuko hapo miaka yote! Hatukujua ni bahati." Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya gomesi lake, lile vazi refu la mikono iliyochongoka. Nami nikacheka. Sikufikiria zaidi ya hapo, mimi ninayefikiria kila kitu.

Kwa miaka mitatu Nalongo alikuwa amefuatilia katika ofisi ya wilaya apate makaravati, yale mabomba makubwa ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara. Mwaka ule barabara yao ikaingia kwenye orodha. Alikuja na habari hiyo akiwa amevua viatu, miguu yenye tope, akizunguka uani kama msichana. Maina alipopata habari akanipigia simu. Kundi la wageni lilikuwa limeshapangwa kwa mwezi wa kumi na moja, na njia ile ndiyo ilikuwa siku yao ya tatu. "Ikiwekwa karavati, malori ya miwa yataanza kukata njia hapo," alisema. "Sasa tufanyeje?" Basi. Hakusema neno lingine. Nimeirudia simu hiyo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote, nikitafuta amri ndani yake, na sijaipata. Aliuliza swali, na mimi nikalisikia kama lawama, kama mlango unaofungwa, nikajiona narudi Mbale na bahasha yangu ya plastiki.

Niliitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi. Nilisema ni wa kuwajulisha wakazi kuhusu wageni wa baiskeli, na hilo lilikuwa kweli. Walikuja watu thelathini na moja, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu hata juani, alifungua kwa sala. Nikazungumza kuhusu mto, na mazingira, na vumbi la magari. Nalongo akasimama nyuma.

"Mimi nina swali moja. Nyinyi watu wa baiskeli mnataka hii barabara itengenezwe, ama mnataka ibaki hivi?"

"Sisi tunaheshimu maoni ya wakazi," nikasema.

"Maoni yetu unayajua. Nimeuliza yenu."

"Kaa chini, Nalongo, umuache kijana apumue," mwenyekiti akasema, na watu wakacheka, nami nikaponea kwenye kicheko hicho. Kisha nikapitisha karatasi. Kila anayehudhuria mkutano kwetu huandika jina, kijiji, namba ya simu, na sahihi, halafu hupewa soda na mkate. Ni desturi ambayo hakuna anayeiuliza. Watu wengine hutia sahihi wakiwa bado hawajajua mkutano ni wa nini. Nalongo aliandika jina lake lote kwa herufi kubwa, taratibu, ulimi ukitokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Afande alitia sahihi ya kiofisi yenye mkia mrefu.

Barua niliiandika chumbani kwangu Mpumudde, alasiri, mvua ikipiga mabati. Niliandika kwamba wakazi ambao majina na sahihi zao zimeambatanishwa wameona ni vyema barabara ibaki njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, kwa ajili ya kulinda kijito na kukuza utalii, na wanaomba makaravati yapelekwe palipo na uhitaji mkubwa zaidi. Ilikuwa barua nzuri. Niliisoma mara saba, nikarekebisha mkato mmoja. Kesho yake niliipeleka Buwenge kutoa nakala. Juu ya ile orodha ya majina kulikuwa na kichwa cha maneno, "Waliohudhuria Mkutano". Dada wa mashine aliiweka kwenye kioo, akaniuliza, "Hii ya juu niiache?" Ningeweza kusema ndiyo. Watu wakinisikiliza nikieleza makosa yangu huwa wananiambia nilikuwa kijana, nilikuwa na hofu, sikujua. Lakini nilijua. Nilimwambia aifunike kwa kipande cha karatasi. Akaifunika, nakala ikatoka safi, majina thelathini na moja bila kichwa, na mimi mwenyewe nikaipeleka ofisini kwa baiskeli, kwa njia isiyo na magari.

Mvua za mwezi wa kumi zilipokuja, Afande aliugua. Alikuwa na ngiri aliyoificha kwa miaka, na asubuhi moja ilimkaba, akawa wa rangi ya majivu, akitapika. Nalongo alipigia simu kila dereva aliyemjua, na wote walimwambia wangefika mpaka kijitoni tu. Basi tukamweka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mto wa kulalia umefungwa hapo kwa mpira, mimi nikishika usukani na Nalongo akimshika mgongoni, tukatembea. Kijitoni maji yalikuwa juu ya magoti. Baiskeli ilizama kidogo kwenye tope, Afande akaguna, akanishika bega. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Pole, Afande."

"Hapana pole. Angalia mbele." Akapumua. "Mwaka kesho, karavati iko hapa. Utapita hapa na wazungu wako viatu vikavu."

"Usiongee, mzee," Nalongo akamwambia.

"Niache niongee. Nikinyamaza ninasikia uchungu."

Barua yangu ilikuwa na mwezi mzima na zaidi ofisini. Nilitazama maji. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema, kijito kile si kipana lakini tulikivuka polepole sana, na nilichosema ni kwamba kulikuwa na jiwe kushoto, waangalie. Tulimfikisha kwenye gari, wakampasua Jinja siku ileile, akapona. Daktari alimwambia Nalongo kwamba wangechelewa kidogo tu, ingekuwa habari nyingine. Wiki chache baadaye niliwaongoza wageni wa Maina mahali pale pale. Walibeba baiskeli zao juu ya vichwa, wakicheka, wakipigana picha, na mmoja akaniambia kwamba hiyo ndiyo sehemu aliyoipenda kuliko safari yote. Nilimpiga picha. Nilihakikisha jua halimpigi machoni.

Nalongo alijua mwezi wa kumi na moja ukiisha. Alikuwa amekwenda ofisini kuuliza makaravati yamefikia wapi, wakamwambia yameshawekwa katika kijiji kingine, kama nyinyi wenyewe mlivyoomba, wakamwonyesha barua. Aliomba nakala. Niliporudi kutoka njiani siku ile nilikuta meza imeandaliwa, viazi, mchuzi wa karanga, chai, na kando ya sahani yangu karatasi mbili. Alinisubiri ninawe mikono.

"Hii ni mkono wangu?" akauliza, kidole kikiwa juu ya jina lake.

"Ndiyo, Nalongo."

"Niliandika nini hapa?"

Nikaendelea kufuta mikono.

"Mwana wange, nakuuliza. Mimi si msomi. Siku ile, pale darasani, niliandika nini?"

"Uliandika kwamba umehudhuria."

Afande alikuwa kitini kwake, bado amekonda, blanketi magotini. Hakuipandisha sauti yake hata kidogo. "Nimefanya kazi jela miaka ishirini na nane," akasema. "Kulikuwa na watu huko hawajui kusoma hata jina. Karatasi ikija ya kuweka kidole, sisi tunamsomea kwanza. Yote. Tunamuuliza, umesikia? Akisema ndiyo, anaweka kidole. Hata aliyeua mtu tulimsomea." Akavuta blanketi. "Kula, chakula inapoa."

Nilikula. Hilo pia nimelifikiria sana, kwamba niliweza kumeza. Nalongo alisema pale ofisini walimwambia barua hufutwa na aliyeiandika, kwa hiyo alitaka kitu kimoja tu. Jumamosi angewaita wale wale thelathini na moja, darasa lile lile, nami ningesimama niwasomee barua, neno kwa neno, kisha niandike nyingine ya kuifuta, mbele yao, waisikie, watie sahihi. "Sitawaambia kitu kabla," alisema. "Nikisema mimi, itakuwa maneno ya mama mwenye hasira. Sema wewe." Nikakubali. Nakumbuka nilikubali kwa moyo wote, na hata nikalala vizuri. Lakini Jumamosi asubuhi nilipokuwa nikitoka Mpumudde, nilianza kuwaona wakiwa wamekaa kwenye yale madawati madogo, nikamwona mwenyekiti akivua kofia yake ya sufu, nikaanza kupanga nitaanza na neno gani, na kila neno nililolipanga lilikuwa baya. Nikaiacha baiskeli kwa mwenye nyumba, nikamwomba ampelekee Maina, nikachukua bahasha yangu, nikapanda gari la Mbale. Nilizima simu. Nilipoiwasha baada ya siku tatu hapakuwa na ujumbe wowote kutoka kwao, na aibu yangu ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliuchukulia ukimya ule kama ruhusa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mazikoni. Nilipanda gari mpaka Buwenge, nikatafuta bodaboda, nikafika kijitoni nikakuta gari lililoleta jeneza limesimama pale pale ambapo magari yote husimama. Maji yalikuwa magotini. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya viti viwili, wanaume wakikunja suruali na kubishana nani ashike mbele. Nalongo alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wengine, amezeeka uso, na aliponiona hakuinuka wala hakugeuza macho. Nikapiga magoti kumsalimu. Kabla sijasema lolote, mwenyekiti alinishika bega kutoka nyuma, kofia yake ileile kichwani.

"Si huyu ni yule mtoto wa Mbale? Ulipona?"

"Kupona nini, mzee?"

"Ile malaria! Tulikungoja darasani mpaka saa nane, Nalongo akaja akatuambia umelazwa, imepanda kichwani. Tukakuombea pale pale. Nani alijua kama utaishi?" Akawageukia wengine. "Ndiye huyu, amepona!" Watu kadhaa wakanisalimu kwa furaha, wakanishika mikono yote miwili, msibani.

Nalongo alikuwa anatazama maji. Nyuma yangu mtu mmoja aliyekuwa amebeba viatu vyake mkononi akasema kwa uchungu kwamba serikali iliwatupa, mzee kama huyu hawezi hata kufikishwa kwake kwa gari, na kwamba walipoandika tena wameambiwa wangoje foleni. Mwingine akasema kuna adui fulani ofisini, hakuna sababu nyingine. Wakatajiana majina ya watu wanaowashuku. Mmoja wao alikuwa jirani, yuko pale pale, akaanza kujitetea.

"Si yeye," nikasema.

Hawakunisikia. Nikalazimika kusema tena, kwa sauti, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa shule. "Si yeye, na hakuna adui. Ni mimi niliyeandika. Nilichukua karatasi ya soda, ile mliyotia sahihi darasani, nikasema mmekataa makaravati. Sikuwa na malaria." Na kwa kuwa niliahidi kuisoma barua, na nilikuwa naijua kwa moyo, nikaisema yote, neno kwa neno, mpaka "palipo na uhitaji mkubwa zaidi". Hakuna aliyenikatiza. Nilisikia mafunjo yakisuguana, na mwanamke mmoja akimtafsiria mwenzake kwa Kisoga, nusu sentensi nyuma yangu, kwa hiyo nilipomaliza bado barua ilikuwa inaendelea. Yule jirani aliyeshukiwa alitema mate chini, akaenda kusimama mbali.

Mwenyekiti akamtazama Nalongo, naye akainamisha kichwa mara moja.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mzee. Nitaandika ya kuifuta. Leo, kabla sijaondoka, na nitawasomea."

"Hiyo ni baada ya kuzika." Akaelekeza kidole kwenye jeneza, pembe ya nyuma, upande ambao tope ni jingi. "Hapa kuna mtu mmoja amepungua. Vua viatu."

Nikavua, nikaingia majini. Afande alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka.